Buluu Haimtulizi Kila Mtu

Nianze kwa kukiri kosa. Kwa miaka nimerudia maneno ya Wassily Kandinsky kama kasuku: buluu ni rangi ya mbinguni, inatuliza, njano ni ya duniani, inasumbua. Aliyaandika katika kitabu chake kuhusu mambo ya kiroho katika sanaa, kilichotoka Munich mwishoni mwa 1911, na wengi tunaoandika juu ya michoro dhahania tumeyageuza kuwa sheria.

Juzi nilitoka Bukoba mjini kwenda Muleba kumsalimia mama mkubwa. Tukakaa barazani, kahawa imeanikwa uani. Nikamfungulia kwenye simu No. 61 (Rust and Blue), mchoro wa Mark Rothko wa 1953. Hamna mtu humo, wala mti, wala nyumba. Ni mapande ya rangi, kutu na buluu, yenye kingo zinazofifia. Rothko mwenyewe alisisitiza kwamba alichotafuta si rangi bali hisia za msingi za binadamu. Nilitegemea mama aseme panatuliza.

Alitazama kimya. Kisha akasema, "Funga, mwanangu. Hiyo inangoja mtu."

Sikumuuliza ni nani. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea huku kwetu, na mamia ya watu wakafa. Mama alikuwa miongoni mwa waliokaa siku nyingi wakisubiri habari. Mbele ya macho yake, sheria yangu ilikuwa upuuzi mtupu.

Na lugha ilishatuonya, jamani. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi: -eusi, -eupe, -ekundu. Nyingine nyingi tunaziita kwa vitu: kijani ni jani, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa. Kwa Mhaya, kahawia ni ile kahawa ya kutafuna anayokaribishwa nayo mgeni. Rangi inakuja na mzigo wake.

Basi mchoro dhahania ni kioo tu, kila mtu ajione? Hapo nakataa. Mama hakusema "hili ni ziwa." Alisema inangoja. Kitambaa cha buluu ileile kisingemfanyia hivyo. Ni zile kingo: buluu haikatiki mahali, jicho linabaki kutafuta mwisho wake. Kungoja huko ni kazi ya Rothko. Anayengojwa, huyo ametoka kwa mama. Na hayo yote kwenye simu ya kiganjani, wakati mchoro halisi una kimo cha karibu mita tatu!

Kwa hiyo sitauliza tena buluu ina maana gani. Nitauliza imewekwaje, na anayeitazama amebeba nini.

Nilifunga simu. Mama akanipa kahawa nitafune, tukaongea habari za migomba.