Kiboko wa Tabaka na Maneno Yake

Kutoka Tabaka, kusini mwa Kaunti ya Kisii, viboko na simba wa mawe ya sabuni wamesambaa katika meza za ofisi za dunia nzima. Mchongo wa msanii Elkana Ong'esa umefika hadi makao ya UNESCO jijini Paris. Wote hao ni mabubu. Lakini mpenzi wa nyaya na betri akimweka kiboko wa namna hiyo mbele yake, hachelewi kujiuliza: huyu akitiwa spika tumboni, atasema nini?

Jiwe lenyewe linamkubali. Ni laini, ndiyo maana kisu hulichonga na msasa na maji huling'arisha. Umeme halipitishi, hata vihami vya redio vimewahi kufinyangwa kwa unga wa jiwe la jamii hiyo. Tena ni zito, hivyo kiboko akitiwa pia mota ya kuchezesha taya, habanduki mezani inapotikisika. Shida ni kulikomba ndani: ukuta ukiwa mwembamba mno, kazi yote hupasuka.

Matumbo ya mdoli huyo si siri. Bodi ya Arduino, iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005 ili wanafunzi wa usanifu wasiogope umeme, ndiyo hutoa amri. Sauti huhifadhiwa katika memori kadi na kusomwa na DFPlayer Mini, bodi ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Rezista ya kiloomu 1 kwenye waya wa amri hupunguza mvumo. Mota ikivuta umeme ghafla, spika hukoroma. Kapasita kubwa karibu na betri huituliza.

Halafu kuna kazi ya sikio, na hapo ndipo utamu ulipo. Spika iliyo uchi hulia kama nzi ndani ya kopo, kwa sababu mawimbi ya mbele na ya nyuma yake hukutana na kumalizana nguvu. Ikizibwa vizuri ndani ya tumbo, sauti hunenepa. Wapigaji wa obokano, ala ya Abagusii yenye nyuzi nane, hawakuhitaji somo hilo: bakuli lililowambwa ngozi ndilo huzipa nyuzi ule mngurumo.

Thomas Edison aliuza wanasesere wanaosema mwaka 1890, kila mmoja na mashine ndogo ya sauti kifuani. Sauti zao ziliwatisha watoto, na baada ya wiki chache wakaondolewa sokoni. Nani amsikilize mdoli anayekwaruza?

Kwa hiyo maneno hurekodiwa na mtu mwenye sauti ya kuaminika. Nyanya mcheshi wa Nyamira anafaa kuliko mtangazaji. Naye ataleta tatizo jipya. Kiboko akibonyezwa saa kumi na mbili jioni na kusema “Bwakire”, salamu ya asubuhi ya Kigusii, ofisi nzima itamcheka. Inabidi aongezewe saa ya DS3231, yenye betri yake ya kifungo inayoendelea kuhesabu hata mdoli akizimwa, ili giza likiingia aseme “Bwairire”. Ni nyaya nne zaidi za kulehemu, na mistari kadhaa ya programu, kwa ajili ya adabu ya kiboko. Fundi wa kweli hulehemu akicheka.