Mto Uendao Pande Mbili

Neno sutra, katika Kisanskrit, maana yake ni uzi. Nasi tusemao Kiswahili twatunga shairi kwa kitenzi kile kile tutungiacho shanga. Basi Yoga-Sutra za Patanjali zisitutishe. Ni tungo 195 fupi mno (nakala nyingine zina 196), zilizokusudiwa kuhifadhiwa moyoni kwanza, kisha zifafanuliwe.

Ajabu ni kuwa leo yoga yajulikana kwa mikao ya mwili. Patanjali ameipa mikao tungo tatu tu, akitaka iwe thabiti na yenye raha, kisha akapita. Shughuli yake ni akili. Katika utungo wa pili aieleza yoga kuwa ni nirodha ya misukosuko ya akili, na hapo ndipo mfasiri apimwapo. Akiandika “kuzima”, amemfanya mwanafunzi gogo. Akiandika “kuzuia”, amemfanya askari wa zamu. Mimi nachagua “kutuliza”, kama maji ya mtungini ambayo tope lake hushuka lenyewe mradi yasivurugwe. Nakiri kuwa neno langu ni laini kuliko lake, kwani Patanjali hangoji tope lishuke: adai mazoezi ya muda mrefu, yasiyokatika, pamoja na kutoambata na vitu, hali ambayo wazee wetu wangeiita zuhudi.

Mfafanuzi wake wa kale, Vyasa, asema akili ni mto uendao pande mbili, upande wa kheri na upande wa shari. Zuhudi huziba mkondo mmoja, mazoezi hufungua wa pili. Msomaji wa bara huenda akaliona fumbo. Aliyekulia kando ya hori, akiyaona maji yakijaa na kupwa, hahitaji kuelezwa.

Mwanzoni mwa karne ya 11, Al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarizm, alikitia kitabu hiki katika Kiarabu. Alikigeuza maswali na majibu, akachanganya matini na ufafanuzi wake. Alimhurumia mgeni, na kwa hilo astahiki shukurani. Lakini uzi ulikatika, shanga zikamwagika. Afasiriye kwa Kiswahili asimfuate. Sisi tumezoea mizani, ufupi hautushindi.

Mara ya kwanza nilikisoma chote usiku mmoja, nikaamka mikono mitupu. Sasa nasoma utungo mmoja kila alfajiri, nikihesabu pumzi. Nimefika wa 30, uorodheshao vizuizi tisa, uvivu ukiwa mmojawapo. Hii ni wiki ya tatu nipo hapo.