Nyaraka za Serikali za Kigeni kama Ushahidi: Tahakiki ya Kumbukumbu za Uingereza na Marekani kuhusu Ghasia za Gujarat, 2002

Tarehe 27 Februari 2002 behewa la treni liliteketea Godhra, jimboni Gujarat, India. Watu 59 walikufa, wengi wao Wahindu waliokuwa wakirejea kutoka Ayodhya. Katika ghasia zilizofuata waliuawa Waislamu 790 na Wahindu 254, kwa mujibu wa takwimu zilizotolewa baadaye na Serikali ya India. Waziri Kiongozi wa jimbo alikuwa Narendra Modi. Sehemu hii haikusudii kuamua dhima yake. Inahoji nyaraka za kigeni zinazotajwa kila swali hilo linapoibuka zinathibitisha nini hasa.

Taarifa ya wanadiplomasia wa Uingereza, ambayo yaliyomo yalivuja Aprili 2002 na kurejewa na filamu ya BBC mwaka 2023, inakadiria waliouawa kuwa si chini ya 2,000 na inamtwisha Modi lawama kwa mazingira yaliyowafanya wauaji wasiogope adhabu. Haikupitia kiapo wala maswali ya upande wa pili. Inathibitisha London ilijua nini na lini, na hilo si dogo.

Kumbukumbu ya Marekani ina utata zaidi. Machi 2005 Modi alinyimwa viza kwa sheria inayowazuia maafisa waliohusika na ukiukaji mkubwa wa uhuru wa dini. Balozi wa Marekani alipoeleza uamuzi huo, aliegemea taarifa ya Wizara yake, nayo ikaegemea Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya India, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu. Anayeipuuza kumbukumbu hii kuwa ni jicho la kikoloni hana budi kueleza ukoloni wa Tume hiyo. Vivyo hivyo, anayeihesabu Washington kuwa shahidi wa pili, huru, amemhesabu shahidi mmoja mara mbili.

Isitoshe, katika safari hiyo kiima kilibadilika. Tume ilizungumzia serikali ya jimbo kutodhibiti ukiukaji wa haki. Uamuzi wa viza ulihitaji mtu mwenye jina. (Mtafiti ameepuka kutumia “kushindwa” hapa kwa makusudi: katika Kiswahili aliyeshindwa huenda alijitahidi, ilhali Tume ilizungumzia wajibu usiotimizwa.) Wahakiki wengi hulipita badiliko hili bila kulitaja, kisha hunukuu hati ya viza kana kwamba ni hukumu.

Kwa upande mwingine, timu maalumu ya uchunguzi iliyoteuliwa na Mahakama ya Juu ya India haikuona ushahidi wa kumshtaki Modi, na Juni 2022 Mahakama hiyo iliitupilia mbali rufaa ya mjane mmoja aliyepinga matokeo hayo. Uamuzi huo unajibu swali la jinai. Kuutumia kufuta matokeo ya Tume kuhusu wajibu wa serikali ni kosa lilelile la kusoma, limegeuzwa tu upande.

Modi alipokuwa Waziri Mkuu mwaka 2014 alikaribishwa Washington. Novemba 2022, ikitetea kinga ya mwanamfalme mrithi wa Saudi Arabia mbele ya mahakama, Wizara ileile iliyomnyima viza ilimtaja Modi kuwa mfano wa kiongozi aliyewahi kupewa kinga kama hiyo.