Sipo Ofisini: Uhakiki wa Utungo Mfupi

Utungo ninaouhakiki leo hauna jalada wala mchapishaji, lakini unaujua. Unaandikia ofisi fulani baruapepe, unabonyeza, na kabla hujatoa mkono kwenye kibodi jibu limeshafika: mhusika yuko likizoni, haoni baruapepe mara kwa mara, mwenye jambo la dharura amwone fulani. Shukrani. Basi.

Mimi huandikia watu barua na maombi kati ya Migori na Homa Bay, kwa hivyo majibu haya nimeyasoma mengi kuliko riwaya. Na nayasoma vile vile: nani anasema, anamwambia nani, anaficha nini?

Hebu tuanze na hiyo dharura. Utungo mzima umeegemea neno hilo, na halielezwi popote. Mama anayefuatilia basari ya mwanawe, shule zikiwa zimebakisha siku mbili zifunguliwe, ana dharura ama hana? Mtunzi hasemi. Anamwachia msomaji ajipime mwenyewe, na watu wapole hujipima kwa kibaba kidogo. Wao hungoja. Wenye ujasiri hupiga simu.

Halafu kuna huyo fulani. Niliwahi kumwandikia fulani, naye akanijibu kwa mashine vile vile kwamba hayupo, nimwone yule wa kwanza. Mimi nilicheka. Mteja aliyeketi kando yangu, aliyelipa nauli kuja, hakucheka.

Sasa linganisha na utungo mwingine. Ukipanda matatu Migori kwenda Homa Bay kupitia Rongo, utaona vibanda vilivyobandikwa karatasi juu ya kufuli: nimeenda matanga, narudi Jumatatu, simu zilizotengenezwa ziko kwa mama mboga hapo kando. Biki inakatakata, herufi zimepinda, lakini hakuna kilichokosekana. Sababu ipo, siku ipo, na mtu wa kukusaidia yuko hatua tatu kutoka hapo. Tena imeandikwa kwa Kiswahili ama Dholuo, lugha ya anayegonga mlango. Jibu la ofisini huja kwa Kiingereza hata ukiuliza kwa Kiswahili, ilhali kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema zote mbili ni lugha rasmi.

Simlaumu anayeenda likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za mapumziko yenye malipo kila mwaka, na azimalize zote bila kusumbuliwa. Wale wanaoandika ati "nipo likizo lakini nipigie wakati wowote" wanaharibu utungo kwa upande wa pili: wameondoka na hawajaondoka.

Lakini kuna sheria nyingine, ile ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Inamruhusu mwananchi kuomba habari ofisi ya umma kwa Kiswahili ama Kiingereza, na inaipa ofisi siku 21 kumjibu. Jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Siku 21 huku, siku 21 kule, na hazigombani. Likizo ni ya mtu, jibu ni deni la ofisi. Kosa la utungo huu ni kuchanganya hivyo viwili: mtu mmoja akisafiri, ofisi nzima inajifanya imesafiri naye.

Nzuri zipo, si uongo. Mwaka jana nilipokea moja ya Kiswahili: "Niko likizo hadi tarehe 14. Fomu zinashughulikiwa na mwenzangu, dirisha la pili. Barua yako imeshamfikia." Sentensi tatu. Aliyeziandika sikujua amekwenda wapi, na sikuwa na haja ya kujua. Tuliwasilisha fomu Jumanne; Alhamisi ilikuwa imetiwa sahihi.