Maji Yatoke, Rangi Ibaki

Kipande cha chungwa kilichokaushwa vizuri, ukikiinua mbele ya dirisha, hakifichi kitu. Vyumba vyake vyote vinahesabika, kuta nyembamba zinazovitenga zimekaa kila moja mahali pake, na mwanga unapenya rangi ya asali hadi upande wa pili. Kaskazini mwa Ulaya, ambako jua la Desemba huzama mapema alasiri, vipande hivi hutundikwa madirishani na kwenye mti wa Krismasi. Sisi jua tunalo na machungwa tunayo. Ustadi wa kuvitengeneza ndio unaostahili kutazamwa kwa kituo, maana kwa nje hauonekani kama ni kazi: kata, kausha, tundika.

Chungwa ni maji kwa takriban asilimia 87. Mtengenezaji wa pambo hili haongezi kitu, si rangi, si gundi, si vanishi. Anayaongoza maji yatoke huku sukari na rangi vikibaki nyuma. Yakifukuzwa kwa moto mkali, sukari huungua na kipande huwa cheusi kabla hakijakauka. Yakicheleweshwa, ukungu huwahi. Kazi yote inafanyika katika nafasi hiyo ndogo kati ya kuungua na kuvunda.

Inaanzia sokoni. "Ya juisi au ya kumenya, mwanangu?" muuzaji atauliza. "Ya kutundika, mama." Akishamaliza kucheka, mwombe akuchagulie yaliyo mazito na magumu kidogo, ambayo ganda limeshikana na nyama. Chungwa lililolainika hupondeka chini ya kisu. Chenza nalo lina ganda lililolegea, hivyo ukilikata duara, pete ya ganda hubaki mkononi na nyama ikadondoka. Wala usiyakatae machungwa ya Muheza kwa sababu ya ukijani wake. Huiva kwa ndani huku ganda likibaki kijani, kwa kuwa usiku wa huko hauna baridi ya kutosha kuiondoa rangi hiyo. Likikauka, ganda hilo hugeuka kahawia yenye kivuli cha kijani, na kipande kikapata fremu ya giza inayoikoleza manjano ya ndani.

Kisu kiwe kikali, au kile cha meno cha kukatia mkate. Tunda hulazwa ubavu na kukatwa kwa kukingama, si kutoka kikonyo kwenda chini, ili vyumba vitokee kama miali inayoanzia katikati. Unene unaofaa ni nusu sentimita. Chini ya hapo kipande hujikunja na kuta zake huchanika. Ukifika sentimita nzima, nje hukauka na ndani hubaki na unyevu usiouona, ambao utakuumbua wiki mbili baadaye. Anayeijua kazi hii hakati harakaharaka. Anavuta kisu mbele na nyuma bila kukandamiza, na macho yake yapo kwenye ukingo wa mbali, kule ambako kisu hupenda kupinda. Mbegu huchokolewa kwa ncha, kisha kila kipande hulazwa juu ya kitambaa safi na kufunikwa kingine ili majimaji ya juu yanyonywe.

Kisha ni joto. Mwenye oveni huiweka kati ya nyuzi 90 na 100 za Selsiasi, akavipanga vipande juu ya wavu na kuvigeuza kila baada ya nusu saa au zaidi kidogo. Saa tatu hadi nne hupita hivyo. Mwenye jiko la mkaa hutumia maarifa yale yale ya kuoka keki kwenye sufuria, mkaa kidogo chini na kidogo juu ya mfuniko, ila kwa tofauti mbili. Mkaa uwe umefifia na kuvaa jivu, na mfuniko uachwe wazi kidogo. Ukiufunga, mvuke hukosa pa kutokea, na badala ya kukausha utakuwa unachemsha. Jua nalo linatosha, mradi vipande viwe juu ya wavu ulioinuliwa kutoka chini, vifunikwe chandarua kwa ajili ya nzi, na viingizwe ndani kabla ya magharibi, kwani unyevu wa usiku hurudisha yote yaliyotoka mchana. Pwani, siku ya mawingu na hewa nzito, jua huhitaji msaada wa jiko.

Dalili za kukomaa husomwa kwa vidole. Kipande kibichi kinateleza. Baadaye kinanata, na hapo wengi hukiondoa wakidhani kazi imekwisha. Kikiwa tayari hakinati, kinapinda kidogo kama ngozi ya ngoma, na ukikigonga mezani kinatoa mlio mkavu. Kilo nzima ya machungwa sasa ni chini ya robo kilo.

Ipo njia nyingine, ngumu zaidi: chungwa zima lililochomekwa karafuu. Waswidi hulitundika kwa utepe wakati wa Krismasi, na Uingereza tunda la namna hii ni la zamani. Kardinali Thomas Wolsey, katika karne ya 16, alitembea na ganda la chungwa lililotolewa nyama na kujazwa sifongo yenye siki, akilinusa katikati ya watu kwa imani kwamba maradhi hutokana na hewa mbaya. Leo linatundikwa kwa ajili ya harufu tu, lakini akili iliyomo ndani yake inashangaza. Maji ya tunda zima yatapita wapi, na ganda limefungwa pande zote? Yatapitia matundu ya karafuu. Nani atazuia kuvunda wiki zote hizo za kungoja? Karafuu hiyohiyo, maana mafuta yake yana wingi wa yujenoli, kemikali inayozuia ukungu. Kitu kimoja kinafungua mlango na papo hapo kinaulinda.

Tundu hutobolewa kwanza kwa kijiti cha mshikaki, ndipo karafuu isukumwe hadi kichwa kikae juu ya ganda. Baada ya safu chache kidole gumba huanza kulalamika, na wazoefu huvaa kastabini ya fundi cherehani. Kati ya karafuu na karafuu huachwa nafasi ya upana wa kichwa kimoja. Anayezibananisha tangu mwanzo hulipasua ganda. Aliyeacha nafasi ataona, kadiri tunda linavyonywea, vichwa vikisogeleana vyenyewe. Likishajaa, huviringishwa kwenye mdalasini wa unga na kuwekwa mahali penye hewa, likigeuzwa kila siku, kwa mwezi mmoja au zaidi.

Na karafuu yenyewe ilishapitia ungojaji huo. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo imekuwa shamba kuu la Zanzibar. Huko tumba la ua huchumwa likiwa limeanza wekundu na kabla halijachanua, huchambuliwa kwenye makonyo, kisha huanikwa juani kwenye majamvi hadi lipate rangi ya kahawia iliyoiva. Mvua ikitishia, nyumba nzima hutoka kuanua, kwa kuwa karafuu iliyolala na unyevu hupauka na kushuka daraja. Hivyo kisiwa ambacho karibu watu wake wote ni Waislamu kina mkono wake katika harufu ya Krismasi ya Waswidi, na mkono huo umetumia uvumilivu uleule.

Matunda mengine huingia humu kwa masharti yake. Tufaha la Njombe, likikatwa kwa kukingama, lina nyota ya pembe tano katikati, ila lipakwe ndimu upesi lisije likageuka kutu. Limau hukauka likiwa na rangi ya kung'aa kuliko chungwa. Vyote hutungwa kwa uzi wa katani na kufungwa kwenye tawi la mvinje au la msonobari, mbali na mshumaa. Sikukuu ikipita, vipande huhifadhiwa kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana pamoja na punje za mchele mkavu. Vikianza kunata tena, vinarudi jikoni kwa muda mfupi.

Mwenye nia ya machungwa ya karafuu aanze mapema Novemba. Wa vipande, wiki ya kwanza ya Desemba inamtosha. Atakayekumbuka asubuhi ya tarehe 24, dukani kuna maputo.