Kupima Kusikopima: Maneno ya Tangazo Moja la Mafua

Tumesoma karatasi ya tangazo la tiba iliyogawiwa Bahi, kwenye Reli ya Kati magharibi ya Dodoma. Mwenye karatasi hatumtaji, maana shabaha yetu ni maneno, si mtu. Karatasi yasema kuwa mgonjwa wa mafua “atapimwa” kwa mashine itakayogusishwa kiganjani, kisha atapewa “dawa ya asili yenye nguvu ya 200”. Kisarufi Kiswahili chake hakina dosari. Dosari ni kwamba kila neno lenye uzito limevishwa heshima isiyo yake.

Tuanze na kupima. Mashine za namna hiyo zatokana na kazi ya Reinhold Voll, daktari wa Kijerumani, katika miaka ya 1950. Hupitisha umeme mdogo mwilini na kuonyesha jinsi ngozi inavyoukinza. Mkulima atokaye majarubani na viganja vilivyolowa, na mwenzake mwenye viganja vikavu vya kiangazi, watapata tarakimu mbalimbali hata kama wote ni wazima. Mpimaji akikandamiza ncha ya chombo zaidi, tarakimu hubadilika tena. Virusi havimo katika hesabu hiyo. Mwaka 2001 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kujaribu chombo cha jamii hii kwa watu 30, nusu yao wakiwa na mzio. Baada ya majaribio zaidi ya 1,500, chombo hakikuweza kuwatenga wenye mzio na wasio nao. Lakini kwa raia aliyezoea zahanati, kupimwa ni kutolewa damu, makohozi au ute wa pua ili ugonjwa utafutwe humo. Neno moja limehamisha imani ya maabara na kuipa mashine isiyoistahili.

Neno la pili ni nguvu. Katika homeopathia, iliyoasisiwa na Mjerumani Samuel Hahnemann mwishoni mwa karne ya 18, dawa husemwa kuwa na nguvu zaidi kadiri inavyozimuliwa. Dawa yake mashuhuri ya homa ya mafua, Oscillococcinum, hutokana na ini na moyo wa bata. Sehemu moja huzimuliwa kwa sehemu 99, na tendo hilo hurudiwa mara 200. Kwa hesabu ya kemia, baada ya mara 12 hivi si rahisi kubaki hata molekuli moja ya kitu cha awali. Asili ya dawa hiyo ni Mfaransa Joseph Roy, aliyedai kuona kijidudu fulani katika damu ya wagonjwa. Kirusi chenyewe cha homa ya mafua ya binadamu kilitengwa baadaye, mwaka 1933. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 hayakupata ushahidi mzuri wa kutosha kwamba dawa hii huzuia au hutibu homa hiyo. Mama aliyeongeza maji katika mchuzi hasemi kuwa mchuzi umepata nguvu. Kiswahili kina neno kuzimua. Kwa nini tulifiche?

La tatu ni asili. Jina la Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 lataja mambo mawili, si moja. Mganga wa Ugogo achemshaye mizizi aweza kuulizwa ni mti gani na kiasi gani. Kuiita homeopathia tiba ya asili ni kuazima sifa za wazee wetu bila idhini yao.

Hata hivyo sisi wenyewe hatuna usafi kamili, kwani tumeacha neno mafua libebe maradhi mawili: yale ya kamasi za siku chache, na homa iuayo. Homa hiyo ya pili, katika mlipuko wa 1918 na 1919, iliwakuta Wagogo ndani ya njaa waliyoiita Mtunya. Jina jepesi hulifanya jambo zito lionekane dogo.

Yupo atakayesema kuwa kazi ya mtafsiri ni kufikisha maneno, na hukumu ni ya tabibu. Twakubali kwamba mtafsiri hatibu. Lakini kama neno lake lasema jambo ambalo kitu chenyewe hakifanyi, hajafikisha, amepotosha.

Kwa hiyo twapendekeza:

(a) homa ya mafua kwa ugonjwa wa virusi vya influenza, na mafua kwa kamasi za kawaida;

(b) kupima ukinzani wa ngozi, na si kupima mafua, kwa kazi ya mashine hiyo;

(c) kiwango cha uzimuaji mahali pa nguvu;

(d) homeopathia ibaki homeopathia, chini ya tiba mbadala.

Mama wa Bahi ambaye mtoto wake apumua kwa shida akiambiwa kuwa mtoto “amepimwa”, atarudi nyumbani akingoja nafuu. Akiambiwa kuwa mashine imepima ngozi tu, atajua kuwa safari ya kwenda kituo cha afya bado haijafanywa.