Baba Yake Goku Hakuwa Mwanasayansi

Kila shabiki wa Dragon Ball Z anajua ule utani wa 9000. Kwa Kijapani, Vegeta anasema nguvu za Goku zimepita 8000. Waliotafsiri kwa Kiingereza wakaongeza elfu moja. Sawa tu, hadithi haikuharibika.

Kosa linaloniuma halichekeshi mtu. Katika tafsiri hiyohiyo, Vegeta anadai baba yake Goku alikuwa mwanasayansi hodari. Kwa Kijapani maneno hayo hayapo. Halafu unatazama filamu ya TV ya 1990 kuhusu huyo baba, Bardock, na unamkuta askari wa tabaka la chini. Maabara iko wapi?

Si jambo dogo. Vegeta ni mtoto wa mfalme, na Goku anamjibu kwamba hata aliyeachwa nyuma anaweza kumpita aliyezaliwa juu, akijituma. Neno analotumia, ochikobore, Wajapani huwaita hivyo wanafunzi walioshindwa kwenda na darasa. Mimi niliyeacha chuo nililisikia vizuri sana.

Ukimpa Goku baba msomi, umempa wa kumshika mkono. Jasho lake linageuka urithi.